Barua ya wazi kwa wanaosimamia mifumo endeshi: tupeni mfumo wa vifurushi unaojua kurudi nyuma

Kwenu wakuu wa miradi na kampuni zinazotengeneza mifumo endeshi,

Salaam. Ninawaandikia nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za watu wengine: kusakinisha, kusasisha, kuondoa, na kuamshwa usiku pale sasisho linapokwenda mrama. Sina neno juu ya rangi za madirisha wala mpangilio wa menyu. Barua hii inahusu sehemu moja tu ya mfumo endeshi, yaani mfumo wa vifurushi (programu zilizofungwa pamoja na faili zake, tayari kusakinishwa), ile inayopokea amri ya "sakinisha hiki" na kuitekeleza. Sehemu hiyo ina ruhusa ya kugusa kila faili, kubadilisha kila programu na kufuta chochote. Hakuna programu nyingine kwenye kompyuta tunayoiachia madaraka kiasi hicho. Hata hivyo, katika mifumo mingi inayotumika leo, ikishaanza kazi haijui namna ya kurudi ilikotoka.

Ombi langu ni moja, na mengine yote nitakayoandika yanachipuka humo. Mtakapoketi kupanga mfumo wa vifurushi wa matoleo yajayo, anzeni na sharti hili: kila badiliko ama likamilike lote, ama iwe kama halikutokea kabisa; na mwenye kompyuta aweze kurudi kwenye hali ya jana kwa amri moja, bila kumtafuta mtaalamu.

Tazameni kinachotokea sasa. Chukueni mfumo endeshi wa Debian na mifumo yote iliyozaliwa kutokana nao, ambako kazi hii hufanywa na dpkg, programu iliyoanza kuandikwa mwaka 1994. Kifurushi kinaposasishwa hupita hatua mbili. Kwanza faili mpya hufunguliwa na kuchukua nafasi ya zile za zamani. Kisha kifurushi husanidiwa, yaani skripti zake (faili za amri) huendeshwa, akaunti za mfumo huundwa na huduma huwashwa upya. Kwenye sasisho kubwa lenye vifurushi mia kadhaa, hatua hizo huingiliana. Umeme ukikatika katikati, au diski ikajaa, au mtu akazima kompyuta akidhani kazi imekwisha, basi baadhi ya vifurushi ni vipya, vingine vimefunguliwa lakini havijasanidiwa, na vilivyobaki ni vya zamani. Akiwasha tena na kujaribu kusakinisha kitu, ataambiwa kwamba kazi ilikatizwa na kwamba aendeshe mwenyewe dpkg --configure -a. Mimi najua maana ya maneno hayo. Mwalimu, muuguzi au mhasibu anayetumia kompyuta hiyo hajui, na hana sababu ya kujua.

Niseme na haki ya dpkg, maana walioiandika ni watu makini. Haiandiki juu ya faili iliyopo. Huandika faili mpya pembeni ikiwa na jina linaloishia na .dpkg-new, huhakikisha imefika kwenye diski, ndipo huibadilisha jina ikae mahali pa ile ya zamani. Ndiyo maana ni nadra kukuta faili moja ikiwa nusu mpya, nusu ya zamani. Lakini uangalifu huo unaishia kwenye faili moja moja. Sasisho zima, ambalo ndilo mtumiaji analolifahamu na ndilo aliloliomba, halina ulinzi wa namna hiyo. Yeye hakuomba faili elfu tatu zibadilishwe moja baada ya nyingine. Aliomba kompyuta yake ihame kutoka toleo hili kwenda lile.

Kulipima jambo hili hakuhitaji maabara. Wekeni mfumo wenu kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine), uanzisheni usasishaji, muizime ghafla kwa nyakati za kubahatisha, mwashe, mhesabu ni mara ngapi inarudi ikiwa nzima. Jaribio hilo liwe sehemu ya masharti ya kutoa toleo, na matokeo yake yachapishwe pamoja na toleo lenyewe.

Hili ninaloliomba si ndoto, kwa kuwa lipo na linafanya kazi. Eelco Dolstra alianza mfumo wa vifurushi wa Nix mwaka 2003 kwenye Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na mwaka 2006 akaitetea katika tasnifu yake ya udaktari. Kwenye Nix kila kifurushi hukaa ndani ya saraka yake chini ya /nix/store, na jina la saraka hiyo huanza na hashi (msururu wa herufi na tarakimu ulio kama alama ya kidole) inayotokana na kila kilichotumika kukijenga: msimbo wenyewe, kikusanyaji kinachougeuza kuwa programu, maktaba (msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingi), hata vigezo vya ujenzi. Ukibadilisha kimojawapo, hashi inabadilika, saraka inakuwa nyingine, na ile ya zamani haiguswi. Matoleo mawili ya maktaba moja hukaa jirani bila ugomvi, na kila programu huitumia ile iliyojengewa. Mfumo unaouona ukiwasha kompyuta ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye mkusanyiko mmoja wa saraka hizo. Kusasisha ni kuujenga mkusanyiko mpya pembeni, kwa utulivu, mpaka ukamilike, kisha kukigeuza kiungo. Kukigeuza ni tendo moja ambalo kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ama hulifanya lote, ama halilifanyi. Umeme ukikatika sekunde moja kabla, uko kwenye mfumo wa zamani. Ukikatika sekunde moja baadaye, uko kwenye mpya. Vizazi vya nyuma hubaki kwenye menyu ya kuwashia, na kurudi ni kuchagua mstari.

Guix, wa mradi wa GNU, ulifuata njia hiyohiyo kuanzia 2012. Fedora Silverblue hufanya kitu cha aina hiyo kwa kutumia zana ya OSTree. ChromeOS hutunza sehemu mbili za diski: unatumia moja, sasisho linaandikwa kwenye nyingine, na ukiwasha upya zinabadilishana zamu. Android iliuleta mpango huo kwenye simu na toleo la 7.0, mwaka 2016. Kwa hiyo watu wengi wanaobeba simu mfukoni tayari wana ulinzi ambao seva nyingi hazina. Hali hiyo inanisumbua kila ninapoifikiria.

Siwaombi mnakili Nix yote. Lugha yake ya kuandikia vifurushi ni kizingiti kirefu, na nimewaona mafundi hodari wakikata tamaa mbele yake. Diski hujaa vizazi vya zamani usipovifagia. Na kwa kuwa hashi ya kila kifurushi imebeba hashi za vyote kinavyovitegemea, kuigusa maktaba ya C, ambayo karibu kila programu huitegemea, kunamaanisha kujenga upya karibu kila kitu. Hizo ni gharama za kweli. Kinachofaa kuchukuliwa ni msingi wake: usiiguse hali inayofanya kazi mpaka hali mpya iwe imekamilika pembeni.

Kuna shimo moja ambalo mifumo hii yote bado haijaliziba vizuri, nalo ni data. Ukirudisha programu nyuma, data haikufuati. Toleo jipya likishazibadilisha faili za data ziwe kwa muundo wake, toleo la zamani halitazisoma, na kitufe cha kurudi nyuma kitakuwa kimekudanganya. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ni mfano mzuri: data ya toleo kuu moja haifunguki na toleo kuu lingine mpaka ihamishwe kwa makusudi. Namna Debian walivyolishughulikia ni ya kuigwa. Waliruhusu matoleo makuu mawili yakae pamoja kwenye mashine moja, kila moja na saraka yake ya data, na data haihami mpaka msimamizi mwenyewe atoe amri ya pg_upgradecluster. Akihamisha na mambo yakaharibika, ile ya zamani ingali ipo. Nawaomba mfumo wa vifurushi wenyewe uwe na dhana hiyo: kifurushi kitangaze ni saraka zipi zina data yake, kitangaze kama toleo jipya litaubadilisha muundo wake, na mfumo ukatae kuendelea kimyakimya pale ambapo kurudi hakutawezekana. Onyo la aina hiyo ndilo ninaloliona lina thamani kuliko maonyo mengine yote tunayoyaona leo.

Nije kwenye skripti, maana hapa ndipo nguvu ya mfumo wa vifurushi inapovuja. Kifurushi cha Debian kinaweza kubeba skripti nne: moja kabla ya kusakinishwa, moja baada yake, moja kabla ya kuondolewa, na moja baada ya hapo. RPM, mfumo wa vifurushi wa Fedora na openSUSE, nayo ina zake. Zote huendeshwa na akaunti ya root, yenye ruhusa zote, na ndani yake mwandishi anaweza kuandika lolote. Mwaka 2011 mradi wa Bumblebee, uliohusu kadi za michoro za kompyuta za mkononi, ulitoa skripti ya usakinishaji iliyokusudiwa kufuta saraka moja ndogo iliyo chini ya /usr/lib. Katika amri ya kufuta, rm -rf, baada ya /usr, kulikuwa na nafasi moja iliyoingia kwa bahati mbaya. Kwa kompyuta, nafasi hiyo ilizifanya njia kuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa /usr nzima. Walioiendesha walipoteza karibu kila programu waliyokuwa nayo. Marekebisho yalikuwa kufuta herufi moja ambayo jicho haliioni.

Mtu anaweza kusema mwandishi angekuwa makini zaidi. Mimi nasema mfumo haukupaswa kumpa panga lenye urefu huo. Nimesoma skripti nyingi za vifurushi, na sehemu kubwa zinafanya mambo yaleyale: kuunda akaunti ya huduma, kuunda saraka yenye ruhusa fulani, kuwasha huduma, kuijenga upya akiba ya fonti au ya aikoni. Yote hayo yanaweza kutangazwa badala ya kuandikiwa skripti. Zana za systemd-sysusers na systemd-tmpfiles (za systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo) tayari zinaonyesha njia: kifurushi kinaleta faili fupi inayosema "nahitaji akaunti hii na saraka hii", na mfumo ndio unaotekeleza, kwa namna moja, kwa vifurushi vyote. Kilichotangazwa kinaweza kukaguliwa kabla, na kinaweza kutenguliwa baadaye kwa sababu mfumo unajua kilichofanyika. Skripti haitenguliki, kwa kuwa hakuna anayejua iligusa nini. Vitabaki vifurushi vichache ambavyo kweli haviwezi kuishi bila skripti. Viorodheshwe, kila kimoja na sababu yake, na skripti zake ziendeshwe ndani ya kizimba kinachoona saraka za kifurushi hicho pekee.

Faili za usanidi nazo zina usumbufu wake. Sasisho liko katikati, limeshabadilisha vifurushi arobaini, mara linasimama na kuuliza: faili hii uliibadilisha, nasi tuna toleo jipya, tutumie ipi? Kama umeenda kulala, utalikuta asubuhi bado linasubiri jibu. Maswali yote yaulizwe kabla ya faili ya kwanza kuguswa. Na mengi yataisha yenyewe mkitenganisha mahali pa faili zenu na zetu: chaguo-msingi likae chini ya /usr, mabadiliko ya msimamizi yakae /etc, na programu izisome zote mbili. openSUSE wamekwisha kuanza kufanya hivyo kwa saraka ya /usr/etc.

Sasa kuhusu utegemezi, na namna mfumo unavyosema na mtu. Kuchagua seti ya vifurushi vinavyopatana ni kazi ngumu kwa asili yake. Watafiti wa EDOS, mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, walionyesha miaka ya 2005 na 2006 kwamba swali la kama kifurushi kinaweza kusakinishwa linaingia kwenye kundi la matatizo yaitwayo NP-kamili, ambayo haijulikani njia ya haraka ya kuyatatua kila mara. Hilo halikuwa pigo, kwa sababu vitatuzi vya SAT, programu za kutatua mafumbo ya mantiki, vilikwisha kukomaa, na openSUSE 11.0 ya mwaka 2008 ilitoka na kitatuzi cha namna hiyo. Kupata jibu, basi, tumekuweza. Kulieleza jibu ndiko kulikobaki nyuma.

Wengi wenu mnakumbuka kisa cha Novemba 2021. Linus Sebastian, anayejulikana kwa video zake za kompyuta, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye mfumo endeshi wa Pop!_OS. Kulikuwa na kasoro ya utegemezi kwenye kifurushi wakati huo, na jibu pekee ambalo kitatuzi kilipata lilikuwa kuondoa mazingira yote ya eneo-kazi. APT, programu ya vifurushi ya mfumo huo, ilimwonyesha orodha ndefu, ikamwonya, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika, na kompyuta ikabaki na skrini ya maandishi. Wapo waliomcheka kwamba hakusoma. Mimi sikumcheka. Mtu aliomba mchezo, na mfumo ukakubali kuwa kuliondoa eneo-kazi ni njia halali ya kumpa mchezo. Jibu la namna hiyo halikupaswa kuwa miongoni mwa majibu. Walioshika APT walilielewa hilo haraka: matoleo yaliyofuata yanakataa kuviondoa vifurushi vya msingi ili kulitimiza ombi la kawaida, na sentensi ya kukubali peke yake haitoshi tena kuufungua mlango huo. Nawapongeza. Lakini kanuni hiyo inapaswa kuwa pana zaidi ya vifurushi vilivyotiwa alama ya kuwa vya msingi. Niliyeomba kuongezewa kitu nisiondolewe kitu nilichokichagua mwenyewe, isipokuwa nimeulizwa swali la peke yake, kwa lugha ya kawaida, juu ya kitu hicho.

Na pale ambapo jibu halipo, tuambiwe kwa nini. APT imezoea kumwambia mtu kwamba amevishikilia vifurushi vilivyovunjika, hata kama maishani mwake hajawahi kushikilia kifurushi. Mwaka 2018 Natalie Weizenbaum alitoa kitatuzi kiitwacho PubGrub kwa ajili ya lugha ya Dart. Uzuri wake ni kwamba kila kinapogonga ukuta kinaikumbuka sababu, na mwishoni kinaweza kuzipanga sababu hizo kama hoja: kwa kuwa programu hii inahitaji maktaba toleo la 2 kwenda juu, na ile uliyonayo inahitaji maktaba hiyohiyo chini ya 2, mbili hizi haziwezi kukaa pamoja. Mtu yeyote anaelewa sentensi hiyo, na anaweza kuamua aache ipi. Matatizo ya vifurushi vya mfumo endeshi ni makubwa kuliko ya lugha moja ya programu, nalijua hilo, lakini kumweleza mtu sababu si anasa ya kuongezwa baadaye.

Kuhusu mjadala wa programu zinazokuja na maktaba zake zote ndani, kama za Flatpak, Snap na AppImage, sitakawia sana. Zina faida ya wazi kwa waandishi wa programu, na kizimba cha Flatpak ni hatua ya kweli mbele. Ninachoogopa ni hiki: kasoro ya Heartbleed, ya maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, ilipotangazwa Aprili 2014, kwenye mifumo yenye OpenSSL moja ya pamoja ilitosha kuisasisha maktaba hiyo na kuziwasha upya huduma. Log4Shell, kasoro ya maktaba ya Log4j, ilipotangazwa Desemba 2021, nakala za Log4j zilikuwa zimefichwa ndani ya maelfu ya programu, na kuzitafuta tu zilipo kuliwamaliza watu nguvu. Anayetaka kubeba maktaba zake abebe, ila kifurushi kitaje kila kilichomo ndani na toleo lake, kwa orodha ambayo mashine inaisoma, ili siku kasoro ikitangazwa mfumo wenyewe uniambie ni programu zipi zimeibeba.

Na ukubwa. Watu wengi duniani hulipia kila megabaiti wanayopakua. Google walipoonyesha Courgette, njia yao ya kutuma tofauti pekee kati ya toleo na toleo, mwaka 2009, sasisho la Chrome lililokuwa la megabaiti 10 hivi likiwa zima lilishuka hadi kilobaiti zipatazo 700 kwa njia ya zamani ya bsdiff, na kwa Courgette likawa chini ya kilobaiti 80. Baadhi yenu mliwahi kutuma tofauti pekee kisha mkaacha kwa sababu gharama za seva zilizidi faida. Ninaielewa hesabu hiyo, ila naona upande wa anayepakua haukupewa uzito wake.

Nimeliacha suala la imani mwishoni kwa kuwa linahitaji nafasi. Mifumo yenu hutia sahihi vifurushi, na watumiaji wengi wanadhani sahihi inamaanisha usalama. Sahihi inathibitisha kifurushi kimetoka kwa nani. Haisemi kama ni kipya, wala kimejengwa kutokana na nini. Mwaka 2008 Justin Cappos na wenzake, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Arizona, walionyesha kwamba seva ya nakala (inayosambaza nakala za vifurushi vyenu) yenye nia mbaya inaweza kuendelea kumpa mtu orodha ya zamani, yenye sahihi halali kabisa, ili asipate marekebisho ya usalama. Na kwa jina la kampuni ya kubuni walifaulu kukubaliwa kama seva rasmi za nakala za mifumo kadhaa. Dawa ya hilo inajulikana: orodha ziwe na tarehe ya kuisha. Kama hazina zenu bado hazina tarehe hiyo, wekeni wiki hii.

Lililo gumu zaidi ni njia iliyopo kati ya mwandishi wa programu na kompyuta yangu. Mwaka 2006 badiliko lililofanywa na Debian kwenye kifurushi cha OpenSSL, kwa nia njema ya kunyamazisha onyo la chombo cha ukaguzi, liliondoa karibu namba zote zisizokisika zilizotumika kutengenezea funguo za usimbaji. Kilichobaki kilikuwa namba ya mchakato (namba ambayo mfumo huipa programu inayoendeshwa), yaani uwezekano usiozidi 32,768. Kasoro hiyo ilitangazwa Mei 2008, karibu miaka miwili baadaye. Kisha Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, akatangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yana mlango wa siri. Aliligundua kwa kuwa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kulikuwa kumechelewa kwa karibu nusu sekunde na kunakula nguvu ya kichakato kuliko kawaida. Mzigo wenyewe ulikuwa umefichwa kama faili za majaribio ndani ya hazina ya Git (ghala linalohifadhi msimbo na historia yake), lakini faili iliyouamsha wakati wa ujenzi haikuwemo kwenye Git. Ilikuwemo tu kwenye faili zilizobanwa za toleo, zile ambazo wasambazaji hupakua na kujengea. Na xz haitumiwi na OpenSSH, programu inayotoa huduma ya SSH, moja kwa moja. Ilifika huko kwa sababu baadhi ya wasambazaji walikuwa wameiongezea sshd, seva ya OpenSSH, kiraka (badiliko dogo la msimbo) cha kuzungumza na systemd, na maktaba ya systemd ndiyo iliyoivuta xz.

Visa hivyo viwili, kimoja cha nia njema na kimoja cha uovu, vilipita mahali pamoja: kwenye kiraka cha msambazaji, na kwenye tofauti kati ya msimbo unaoonekana na kile kinachojengwa. Mfumo bora wa vifurushi unapaswa kupaanika mahali hapo. Kila kiraka mlichokiongeza kionekane kwa amri moja, pamoja na sababu yake na kama mwandishi wa asili amekiona. Jengeni kutokana na hazina ya msimbo yenyewe, au mlinganishe faili ya toleo na hazina hiyo kabla ya kuijenga, na tofauti yoyote ipate mtu wa kuieleza. Ujenzi unaorudiwa na kutoa faili ileile, baiti kwa baiti, ambao Debian wameusukuma tangu 2013, ni nusu nyingine ya kazi hiyo: unatuwezesha wengine kujenga upya na kuthibitisha kwamba seva zenu hazikuchezewa. Usingemzuia mshambuliaji wa xz, kwa kuwa uovu wake ulikuwemo tayari kwenye kilichojengwa. Ndiyo maana nazitaka hatua zote mbili.

Kuna upande wa xz ambao hauponywi na usanifu. Mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja, anayefanya kazi bila malipo, na alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba ni mradi wa kujitolea na kwamba hali yake haimruhusu kufanya zaidi. Akaunti zisizojulikana zikamshinikiza akubali msaidizi, na msaidizi aliyejitokeza ndiye aliyeuweka mlango. Kila kompyuta iliyokuwa hatarini ilikuwa inaitegemea kazi ya mtu huyo, na mifumo yenu ya vifurushi ilikuwa na taarifa zote za kulionyesha hilo: nani anategemea nini, na kwa kiasi gani. Taarifa hizo zilitumika kusakinishia tu.

Zitumieni kwa kazi hii pia. Chukueni vifurushi vinavyosakinishwa kwenye kila mashine, vile ambavyo mfumo hauwaki bila hivyo, mhesabu ni vingapi vinashikiliwa na mtu mmoja, kwa upande wa mwandishi wa asili na kwa upande wenu. Chapisheni orodha hiyo, isasishwe pamoja na hazina. Kisha, kabla ya kupanga bajeti ya kipengele chochote kipya cha toleo lijalo, kila kifurushi kilichomo humo kipate mtu wa pili anayelipwa, atakayekubaliwa na huyo wa kwanza kwa hiari yake.

Wenu katika kazi hii,

Msimamizi wa mifumo ya kompyuta